Puli Yenye Kiraka

Miaka ile ya vita, kwetu Butembo, gari zima lilikuwa la kuogopwa kuliko gari bovu. Gari zima askari walilichukua. Leo walikuja hawa, kesho wale, na majina ya vikundi vyao yalibadilika kila mara, lakini wote walipenda kwenda kwa gari na hakuna aliyekuja na lake. Kwa hiyo wenye magari waliyaua wenyewe. Jirani yetu mmoja alifukia magurudumu yote manne chini ya maharage ghalani. Mwingine alijenga banda la mbuzi kuzunguka lori lake, na mbuzi wakakaa humo kweli. Mume wangu yeye alichukua nyundo.

Alikuwa na kamioneti ya zamani, ya bluu iliyokuwa imeshaacha kuwa bluu, ambayo alipakia viazi na maharage kutoka Musienene na kupeleka Beni. Mimi niliiita mke mwenza wangu. Aliiosha kila Jumamosi, aliifunika mvua ikinyesha, na ikikohoa kidogo alikuwa ameshafika uani, wakati mimi ningeweza kukohoa mpaka kanisa lifunguliwe. Nilimtania hivyo mbele ya wageni, naye alicheka kwa sababu ilikuwa kweli.

Askari walipoanza kupita nyumba kwa nyumba, aliona kwamba kutoa betri hakutoshi, maana walitembea na betri zao. Akachagua puli, lile gurudumu dogo la chuma lililo mbele ya injini. Injini huizungusha puli, puli ikavuta mkanda, na mkanda ndio unaozungusha pampu ya maji. Pasipo mkanda injini inachemka, na ikishachemka, kwaheri. Alipiga ukingo wa puli kwa nyundo mpaka kipande kikaruka na mkanda ukaning'inia. Askari walifika siku hiyohiyo. Mmoja aliinama, akatazama, akatema mate, wakaenda kwa jirani.

Watu walimsifu sana. Walikuja kumuuliza wafanyeje na magari yao, naye akawajibu akiwa amekaa kitini kama daktari. Mimi pia nilijivuna, kwa nini nifiche. Hakuna kati yetu aliyeuliza puli nyingine ingetoka wapi.

Swali hilo lilikuja kwa njia ya mama yangu. Alikuwa akiishi Beni, mjane, na miguu yake ilikuwa imevimba hata kwenda bombani kuchota maji ikawa safari. Kisha watu wa mtaa wake wakaanza kukimbia, wengine wakivuka kwenda Uganda kupitia Kasindi, wengine wakija kwetu. Mwanamke mmoja wa parokia yake alituletea habari kwamba nyumba zote za jirani zimefungwa na mama amebaki na kuku wake tu. Malori yaliyopita yalikuwa yamejaa watu mpaka juu ya mizigo, na mtu asiyeweza kupanda mwenyewe hakupandishwa.

Mume wangu alisikiliza yote, akatoka nje, akafungua boneti.

"Tutaenda kumuchukua," alisema. "Mama hatakufwa kule peke yake."

Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi. Niliogopa pia, kwa sababu nilijua kwamba gari likinguruma tena, mtaa mzima utasikia, na wanaotafuta magari watasikia vilevile. Nilimwambia hivyo. Alijibu kwamba tutaenda asubuhi na kurudi mchana, kisha ataliua tena kwa namna nyingine.

Alichora umbo la puli juu ya kipande cha katoni na kumpa dereva aliyekuwa anaelekea Kasindi, amtafutie ng'ambo. Dereva alirudi na puli nzuri, mpya, inayong'aa, ya gari jingine kabisa. Tundu lake lilikuwa dogo mno. Mume wangu aliigeuza mkononi kwa muda mrefu, akaifuta, akairudisha. Vipuri vya gari letu vilikuwa vimekwisha madukani kabla hata ya vita, sembuse wakati ule.

Basi tukaenda kwa fundi wa kuchomelea, mtu mwenye sura ya huzuni hata siku za sikukuu. Aliigonga puli kwa kipande cha chuma, akasikiliza.

"Papa, hii ni fonte," alisema, yaani chuma cha kumimina. "Nikitia soudure tu hivi, itapasuka pembeni."

"Tuipashe moto kwanza," mume wangu alijibu.

"Tunaweza. Mais, lakini mi sikuambie kama itapona."

Waliiweka kwenye makaa mpaka ikaiva nyekundu. Fundi akaongeza chuma pale palipovunjika, kidogo kidogo, kisha wakaizika kwenye majivu ili ipoe polepole isije ikapasuka. Majivu yalitoka jikoni kwangu. Niliyabeba mwenyewe kichwani, ndoo tele. Nilisema sasa mke mwenza amefika mpaka mekoni pangu. Fundi hakucheka. Ilipopoa, mume wangu aliipiga tupa tangu asubuhi hadi watoto waliporudi kutoka shuleni, akatengeneza upya mfereji wa kukaa mkanda. Vidole vyake vilitoka damu na hakutaka nimfunge kitambaa.

Gari liliwaka. Puli ilizunguka, lakini iliyumba, kwa kuwa upande wenye kiraka ulikuwa mzito kuliko mwingine, na mkanda kila mara ulitaka kutoka.

"Itakufikisha Beni," fundi alisema. "Mais haitakaa. Usiseme sikukuambia."

Mume wangu alijifunza tabia zake kama unavyojifunza mtoto mgonjwa. Kila baada ya kupanda mlima ilibidi asimame, aiguse puli kwa mgongo wa mkono asikie joto, abonyeze mkanda kwa kidole gumba, na kuukaza kwa spana kidogo sana. Kisha aliupaka kipande cha sabuni upande wa ndani. Ukikazwa mno ulilia, ukilegea uliteleza. Alitaka kunifundisha. Nilimwambia mimi sikuolewa na gari, aendelee na mke wake.

Tulifika Beni salama. Mama alikuwa amekaa mlangoni na furushi lake, kuku mmoja chini ya kwapa, kama mtu aliyejua saa ya kufika kwetu. Aliitazama kamioneti.

"Hii gari hapana ile ilikufwa?" aliniuliza mimi, kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kumuuliza mkwe wake moja kwa moja.

"Ilikufwa, mama," mume wangu alijibu akitazama chini. "Tuliifufua kidogo."

Tulimpandisha. Nilikaa katikati, kati yake na mkwe wake, kwa heshima. Kwa saa chache zile nilikuwa na furaha. Mama aliulizia watoto mmoja mmoja, kuku aliharibu nguo yangu, mkanda ulilia milimani na mume wangu akashuka na sabuni yake. Nilianza kuhesabu vitongoji vilivyobaki kabla ya nyumbani, na hilo ndilo kosa, kuanza kuhesabu.

Kizuizi hakikuwepo tulipopita asubuhi. Ilikuwa kamba tu, na askari waliochoka, na masanduku pembeni ya barabara. Aliyekuja dirishani alikuwa na sauti ya upole.

"Tika fungola," alisema kwa Kilingala. Acha ufunguo.

Mume wangu alishuka. Hakubishana. Alizunguka mbele, akafungua boneti, na mimi nikapumua, kwa sababu nilijua anachofanya. Puli mbovu iliwahi kutuokoa. Alimwita yule askari asogee, akamwonyesha kiraka.

"Chef, hii gari iko mugonjwa," alisema. "Angalia. Hii poulie iko ya kuunga, itafwa mu njia. Ni miye tu njo najua namna ya kuitembeza. Mutu mwengine akiishika, haitafika fasi."

Askari aliinama. Hakutema mate. Alitazama puli, akatazama spana iliyokuwa mfukoni mwa mume wangu, akatazama mikono yake yenye makovu ya tupa. Kisha akafunga boneti taratibu.

"Basi mata," alisema. Panda.

Walitushusha mimi na mama na kuku. Walipakia masanduku. Mume wangu alinijia akaniambia, haraka, kwa sauti ya mtu anayekwenda sokoni, "Peleka mama nyumbani. Miye nitarudia." Nilitaka kumshika shati. Nilikuwa nimemshika mama, ambaye hakuweza kusimama peke yake. Gari liligeuka kurudi lilikotoka. Nilisikia mkanda ukilia, nikajua kwamba mbele kidogo atasimama kuupaka sabuni.

Mwanamume mmoja aliyekuwa akisukuma mzigo wa mihogo juu ya baiskeli aliuacha mzigo wake vichakani na kumkalisha mama mahali pake. Hivyo ndivyo tulivyofika Butembo.

Tangu hapo sikujua niombe nini. Nilishika rozari na kukwama kwenye nia. Puli ikivunjika, labda watamwacha aende, gari limekufa, dereva wa nini tena. Au watasema amefanya makusudi. Ikishika, yuko hai, lakini hawatamwachilia mtu ambaye bila yeye gari haliendi. Siku nyingine niliomba ivunjike, siku nyingine nikaomba ishike, mpaka nikaona aibu mbele ya Mungu. Mama alisema ni yeye aliyeleta balaa hili. Nilimkataza kusema hivyo, na moyoni kuna siku nilisema hivyohivyo.

Puli mpya kutoka Kasindi, kama ingeingia, wangechukua gari peke yake. Wazo hilo limenitafuna miaka mingi. Watu bado wananiambia mume wangu alikuwa na akili sana, nami huwauliza habari za watoto wao, kwa sababu nikijibu nitamtukana mtu.

Barabara ilipopitika, mfanyabiashara mmoja wa ndizi alinieleza kwamba ameona kamioneti yetu Mangina. Nilikwenda. Ilikuwa pembeni ya njia, haina magurudumu, viti vimeng'olewa, betri hakuna. Mama mmoja aliyekuwa na shamba karibu na hapo aliniambia kwamba mafuta yaliwaishia pale. Walishusha masanduku wakawatwisha watu waliokuwa nao, wakaingia msituni kwa miguu. Nilimuuliza kama dereva alikuwa miongoni mwao. Alisema kulikuwa na mtu mzima mmoja asiye na bunduki, alibeba kama wengine. Hajawasikia tena wale watu, wala mimi sijasikia.

Boneti ilikuwa bado ipo. Niliifungua. Vingi vyenye faida vilikuwa vimetolewa, lakini upande wa puli haukuguswa, kwa kuwa ilikuwa na kiraka na hakuna aliyeitaka. Mkanda ulikuwa mahali pake. Niliubonyeza kwa kidole gumba, kama alivyotaka kunifundisha. Ulikuwa umekazwa sawasawa, na upande wa ndani ulikuwa na sabuni iliyokauka. Nililia pale hadi yule mama akaniletea maji.

Niliporudi Butembo nilimkuta fundi mlangoni pake. Alikuwa amesikia kwamba nimeliona gari.

"Na ile poulie," aliuliza, "ilivunjika wapi?"

Nilimwambia haikuvunjika. Uso wake ulifurahi, mara ya kwanza kumwona hivyo, kisha akanitazama vizuri na furaha ikamtoka. Alivuta kiti akanipa nikae.