Nyungunyungu Waliofungwa

Nilipoolewa Wenje nikitoka Kilelengwani nilidhani nalijua tope. Kwetu tulizaliwa ndani yake. Lakini tope la Wenje lilikuwa na tabia zake. Mto Tana ukifurika ulilala juu ya mashamba ya ukingoni, na ulipoondoka uliacha udongo mpya, mweusi, mzito, unaoshika mguu na kukataa kuuachia. Humo ndimo tulimopata mpunga, mahindi na ndizi. Humo pia ndimo walimozikwa wanangu wawili.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mume wangu alikuwa kibarua wa pantoni kule Garsen, akivuta kamba kuvusha malori ya Lamu, na nyumbani alionekana kwa nadra. Shambani tulibaki mimi na mama yake, mwanamke mrefu, mkavu, aliyelima haraka kuliko mimi na kusema haraka kuliko alivyolima. Alinipenda kwa njia yake. Njia yenyewe ilikuwa kunikosoa.

Wanangu wote wawili walizaliwa kimya. Katika nyumba ile mtoto asiyelia hakupelekwa makaburini. Alivishwa kitambaa cheupe akazikwa mahali pa ubaridi, ili tumbo la mama lisikauke, ndivyo walivyosema wanawake. Wangu walilazwa kwenye kona ya shamba, chini ya migomba. Maziwa yalikuja hata hivyo. Hakuna aliyenionya kwamba yangekuja. Nilijifunga kanga kifuani kwa nguvu nikaenda kupalilia.

Mafuriko yalipopungua mwaka ule nilipomzika wa pili, nikaanza kusikia. Alfajiri, udongo ukiwa bado umelowa, kila nilipokaribia ile kona palitoka sauti ndogo chini ya majani makavu ya mgomba. Ilikuwa sauti ya kunyonya. Nikisimama, inanyamaza. Nikiinua mguu, inaanza tena. Mimi si mtu wa kukimbia mashetani. Kwetu tulifundishwa kusoma Ayatul Kursi na kwenda zetu. Nilisoma, na sauti haikukoma, na kanga yangu ikalowa kifuani. Niliiogopa sauti ile. Nilitaka pia kuisikia tena, na sikumwambia mtu.

Asubuhi moja mama mkwe alipiga jembe karibu na kona, akapindua bonge la udongo, akaruka nyuma. Ndani walikuwamo nyungunyungu wawili wanene, wamelala ubavu kwa ubavu, kichwa cha huyu kikielekea mkia wa yule, wamegandishwa pamoja kwa ute. Hata mwanga ulipowapiga hawakuachana upesi.

"Hawa wamefungwa," alisema.

"Nyungunyungu afungwe na nani, Mama?"

"Na huyo huyo aliyekufunga wewe. Tumbo lako limefungiwa hapa. Nilikuwa nikijua. Tunahama shamba hili."

Alikuwa na yakini kwamba mchawi akitaka mwanamke asizae huvifunga vitu viwili pamoja na kuvizika anapopita. Na neno lake katika nyumba ile halikurudishwa. Angemtumia mwanawe habari Garsen, naye angeomba kipande kingine ng'ambo ya mto. Shamba letu lingeachwa wazi, na kiangazi kikifika ng'ombe wa Waorma wangepitishwa hapo kwenda kunywa maji. Niliziona kwato zile. Niliziona zikikanyaga kona yangu, kundi baada ya kundi.

"Mimi sihami," nilisema. Sikuwahi kumjibu hivyo, na sauti yangu mwenyewe ilinishtua. "Nipe hawa wawili. Wakifa bila kuzaa, tutahama, na sitatia neno. Wakizaa, tunabaki."

"Kwani nyungunyungu anazaa?"

Hakuna aliyejua kati yetu. Tulikuwa tumelima nao maisha yetu yote tukiamini wanaota na mvua kama uyoga, na kwamba ukimkata mmoja kwa jembe unapata wawili.

"Haya, mwanangu," alisema akijifuta mikono. "Kalee minyoo yako. Mungu akupe subira, maana akili amekunyima."

Niliwatia katika chungu kilichovunjika mdomo, pamoja na udongo wa pale pale na majani ya mgomba yaliyooza, nikakiweka kivulini nyuma ya jiko. Nilikinyunyizia maji asubuhi na jioni. Majirani walicheka hadi wakachoka.

Waliachana wenyewe siku ile ile. Hapakuwa na uzi wala mchawi. Kila mmoja alikuwa na mkanda mpana shingoni, umevimba, na siku chache baadaye, nilipofunua jani, nilimkuta mmoja akirudi nyuma taratibu huku mkanda ule laini ukimvuka kichwani, kama mtu anayevua fulana. Ulipomtoka ulijifunga ncha zote mbili. Ikabaki punje ya rangi ya asali, yenye umbo la ndimu, ndogo kuliko punje ya mpunga. Yule mwenzake naye aliacha ya kwake. Nilitafuta nani mume na nani mke, sikuona. Wote walikuwa mama.

Na nilipolifunua jani kwa haraka walijivuta mashimoni, na udongo uliolowa ukatoa ile sauti. Basi ndio hao niliokuwa nikiwasikia. Nilichuchumaa pale nyuma ya jiko nikalia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuamini vingine.

Jua la kiangazi lilikaza. Nilishikwa na homa nikalala, na hakuna aliyekinyunyizia chungu maji. Nilipoamka niliwakuta wamekauka ukingoni, wamejikunja, wote wawili. Mama mkwe aliwatazama, hakunicheka. Alisema tu kwamba mwanawe yuko njiani, na kwamba nikusanye majembe.

"Punje zimo bado," nilimwambia. Nilizipapasa udongoni kwa kidole, nikamwonyesha. Zilikuwa ngumu, nzima.

"Mama amekufa, mtoto atoke wapi?"

Nilimwagia chungu maji, nikakifunika. Mume wangu alifika, akala, akaanza kufunga mizigo bila kunitazama usoni. Aliniambia anaona huruma lakini hawezi kumpinga mama yake. Mzigo wa mwisho ulikuwa bado mlangoni nilipokwenda kufunua chungu. Juu ya jani lililooza palikuwa na kitu cheupe, chembamba kama uzi wa kushonea, kikitambaa. Halafu kingine. Nilimwita Mama kwa sauti iliyomfanya jirani adhani nimeumwa na nyoka.

Aliinama. Alitazama muda mrefu.

"Zimengoja maji," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi tunabaki." Akaketi chini, pale pale kwenye majivu ya jiko, mwanamke yule aliyekuwa haketi. "Umenishinda. Lakini unadhani wewe ndiye wa kwanza kuzika pale? Huyu mumeo ndiye peke yake kati ya wanangu aliyelia. Wengine wote wamo kwenye kona ile. Nilifurahi ulipowaona wale wawili wameshikana. Nilipata sababu ya kuondoka."

Mume wangu aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Aliifungua mizigo, mmoja baada ya mwingine, mpaka adhana ya alasiri.

Vile vijinyuzi nilivirudisha kwenye kona. Tangu hapo sikuchoma tena mabua wala majani baada ya mavuno. Niliyatandaza juu ya udongo ili nyungunyungu wawe na pa kutagia. Ardhi ile nzito ilijaa vishimo, ikapumua, maji yakazama, na migomba ya pale ilibeba mikungu ambayo wenzangu waliisema vibaya kwa wivu. Baadaye nilizaa watoto waliolia, wakaishi.

Mama mkwe hakukanyaga tena kona ile. Aliiacha kwangu. Lakini kila nilipotoka shambani, kabla hata sijautua mzigo wa kuni, alikuwa akiniuliza, "Umewaona?"

"Nimewaona, Mama."

"Hawajambo?"

Nilijua si nyungunyungu aliokuwa akiwaulizia. Nilimjibu hawajambo, wote, mpaka siku aliyokufa.