Kinyongo cha Chuma

Hivi nyie, mshawahi kusikia chuma kinaweka kinyongo? Msicheke! Na mie nilicheka, siku ya kwanza pale gereji Manzese. Darasa la nne sikumaliza, mwanamke peke yangu, Fundi Mkuu akanipa nyundo.

“Chuma kikishachomelewa, kikipoa kinajivuta,” akasema. “Nje kimetulia, ndani kimenuna. Ugonge mshono ungali wa moto, halafu ukifukie chuma kwenye majivu, kipoe taratibu.”

Basi nilikuwaga nagonga mpaka mkono unakufa ganzi.

Siku moja akaja tajiri wa malori, shingo ya tela, pale linaposhikana na lori, imekatika. Anaitaka jioni ile ile.

“Majivu ya nini, mama? Unachoma viazi?” akaniuliza.

“Bosi, chuma kilale humo mpaka kesho,” Fundi Mkuu akamwambia.

Tajiri akasonya, akaenda gereji ya jirani. Wakamchomelea fastafasta, akapita kwetu anapiga honi. Wiki haikuisha, shingo ikakatika Barabara ya Morogoro, pembeni tu ya mshono. Tela likachomoka, likamgonga Mama Zuhura pembeni ya barabara, yule aliyekuwaga anatuuzia mihogo. Tulimzika Mama Zuhura. Fundi Mkuu alifunga gereji siku hiyo.

Sasa nimestaafu, macho yamechoka, nakaa Mbezi Luis na mjukuu wangu Rehema. Injinia huyo! Chuma chake kiko kwenye kompyuta. Anakichora kiungo, anakigawa vipande vidogo kama punje za mchele, kompyuta inapiga hesabu kila punje inavyomvuta mwenzie. Panapovutana sana panakuwa pekundu. Akikigonga humo humo kwenye kompyuta, wekundu unapungua.

“Bibi, huu unaitwa mkazo uliobaki.”

“Kinyongo hicho, mwanangu! Mmekibadilisha jina tu!”

Tulicheka sana. Lakini moyoni niliumia. Sie tulijua baada ya msiba. Wao wanakiona kinyongo chuma hata hakijakatwa.

Juzi kaja kanyong'onyea. Wanajenga daraja la waenda kwa miguu. Kiungo kimoja, hata akikigonga kwenye hesabu, bado chekundu. Bosi wake kamwambia, “Rangi tu hizo, Rehema. Kesho weka saini kwenye mchoro, kazi ianze.”

Nikamsimulia habari za Mama Zuhura, maana sikuwahi kumwambia. Chai yake ikapoa mezani. Halafu akanishika mkono.

“Bibi, pakibaki pekundu sisaini. Hata wanifukuze.”