Mtu wa Kujulishwa

Clavery alianza kukimbia akiwa na miaka hamsini na minne, kwa ushauri wa mganga wa zahanati aliyekuwa amemwambia atembee. Ni fundi wa vyerehani pale Miembeni, na kazi ya nusunusu haipendi. Alitembea wiki mbili, akagundua kwamba kila akirudi chumbani kwake Kashai, Bukoba, anakuta kikombe kiko palepale alipokiacha, akaanza kukimbia ili akifika awe amechoka kiasi cha kutokitazama.

Mkewe, Jovita, alikuwa amekwenda Mwanza kumsaidia binti yao aliyejifungua. Alikwenda kwa wiki tatu. Mtoto aliyekwenda kumwogesha sasa yuko darasa la kwanza. Hawakugombana, na hakuna anayeweza kutaja siku ambayo ndoa yao iligeuka kuwa salamu za sikukuu. Majirani wakiuliza, Clavery hujibu kwamba mama watoto yuko safarini, na ukilitazama jibu hilo kwa upana, si uongo.

Mwezi wa tatu, masika yakishaanza, kuna mbio za barabarani kule Muleba, kilomita ishirini na moja. Zinaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kufungwa saa nne kamili. Vijana wenye miguu ya kulungu humaliza, wakaoga, wakanywa chai na kuanza kusimulia kabla Clavery hajafika nusu. Hilo halimsumbui. Kinachomsumbua ni kwamba mara zote tatu alizokimbia alikuta lango la kumalizia limeshang'olewa na uwanja umebaki na chupa tupu. Mara ya kwanza alichelewa dakika ishirini na mbili, ya pili kumi na tano, ya tatu saba. Alikuwa amekimbia kilomita sitini na tatu bila mtu hata mmoja kumwona akifika. Medali angeweza kuishi bila kuwa nayo. Alitaka mara moja tu, anapofika mahali, pawe na mtu.

Usiku wa kuamkia mbio za nne alilala gesti, akabandika namba yake kwenye fulana kwa pini nne. Nyuma ya karatasi ile ya namba kuna sehemu ya kujaza: mtu wa kujulishwa ikitokea dharura. Mwaka wa kwanza aliandika jina la Jovita, na binti wa mezani, kwa bidii ya kazi, akaijaribu ile namba palepale. Haikupatikana. Watu kumi kwenye foleni walisikia haikupatikana. Tangu hapo Clavery huandika jina lake na simu yake mwenyewe. Akipatwa na jambo, atajulishwa.

Asubuhi ile alikimbia vizuri kuliko siku zote. Kufikia kilomita ya kumi, wote walikuwa mbele, nyuma yake limebaki gari la wagonjwa, ambalo kazi yake ni kumfuata wa mwisho. Dereva wake, Muhidini, kijana wa Bukoba mjini, alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Mzee Clavery, panda basi. Kiti kipo, na feni ipo."

"Asante."

"Asante ndiyo au asante hapana?"

"Asante hapana."

"Mimi humu nimeshasinzia mara mbili, mzee wangu. Nikiamka, bado uko mbele yangu, palepale, kama bango."

"Basi sinzia tena."

Zikiwa zimebaki kilomita nne, njia, ambayo mwaka huo ilikuwa mpya, iliingia katikati ya migomba ya kitongoji kimoja. Clavery alitazama saa: tatu na dakika kumi na moja. Kwa mwendo wake zilihitajika dakika arobaini, na alikuwa nazo arobaini na tisa. Dakika tisa za ziada. Hakuwahi kuwa na ziada ya kitu chochote kwa kiwango kile.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo ulikuwa laini, na kila kibanja kilikuwa na wanawake wanaopanda maharage. Wengine wote walikuwa wamepita mapema, kabla watu hawajatoka. Kilichoonekana sasa ni mwanamume mzima, mwenye mvi, anakimbia peke yake huku uso umekunjamana, na nyuma yake gari la wagonjwa linatambaa bila king'ora.

Huku mtu mzima hakimbii hovyo. Anakimbia kwa moto au kwa kifo, na moshi haukuonekana.

Mwanamke mmoja mzee alinyoosha mgongo. Alimtazama Clavery, akalitazama gari, akalaza jembe chini. Kisha akapiga yowe.

Muhidini, ambaye simu yake ilikuwa imeita wakati huohuo, alipunga mkono. "Mzee, kuna kijana kaanguka huko mbele kwenye kumalizia, wananihitaji. Kaza buti!" Akawasha king'ora, akampita kwa kasi. Kwa waliokuwa mashambani, jambo lilikuwa limethibitika: maiti imetangulia nyumbani.

Clavery aliendelea kama hatua mia. Yowe la pili lilijibu kutoka kibanja cha juu, na la tatu kutoka ng'ambo ya barabara. Aligeuka. Majembe yalikuwa yanalazwa moja baada ya jingine. Yeye ni mzaliwa wa Muleba, hakuhitaji kuelezwa. Msiba ukishatangazwa, hakuna anayeinua jembe mpaka marehemu azikwe, na anayeinua hutozwa faini. Hapa marehemu hakuwepo. Asingezikwa leo wala kesho. Mbegu zilikuwa kwenye ungo na udongo ulikuwa tayari.

Alizitazama dakika zake tisa. Kisha akarudi.

"Shikamoo mama. Hakuna aliyekufa."

"Marahaba, tata, baba yangu. Pole sana," alisema yule mzee, jina lake Immakulata, huku akimshika mkono kwa mikono miwili. "Ni nani?"

"Hakuna mtu. Ni mbio tu."

"Mbio za kwenda wapi?"

"Muleba mjini."

"Umetoka wapi?"

Clavery alitazama alikotoka. "Muleba mjini."

Wanawake walikuwa wameshakusanyika. Mmoja akasema kwa Kihaya kwamba uchungu humchanganya mtu, apewe maji. Akapewa maji. Akaja mwenyekiti wa kitongoji, Audax, akifunga vifungo vya shati la misibani. Alisikiliza, akaitazama namba kifuani, akakubali kwamba ni mbio. Lakini utaratibu ni utaratibu. Majembe yamelazwa kwa taarifa. Yatainuliwa kwa taarifa. Na taarifa ya kukanusha huitoa aliyeleta ya kwanza.

"Mimi sikuleta taarifa, mwenyekiti. Nilikuwa napita."

"Ulikuwa unapita mbio," alisema Audax. "Waitu, ndugu yangu, mtu wa umri wako!"

Basi Clavery, mwenyekiti nyuma yake, akapita nyumba kwa nyumba, akiwa na kaptura, akiomba radhi kwamba hakuna aliyekufa. Kila nyumba ilidai salamu kamili kwanza. Nyumba ya tatu ilikuwa imeshateleka ndizi za msiba na haikupendezwa hata kidogo. Hakuitazama saa tena.

Waliporudi barabarani, pini moja ilikuwa imefunguka na namba imepinduka. Audax aliishika, akasoma kwa sauti, kama anavyosoma kila karatasi iliyoandikwa kwa kalamu.

"Mtu wa kujulishwa: Clavery. Mbona hili ni jina lako?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ukifa, tukupigie wewe."

"Ndivyo nilivyoandika."

"Na usipopokea?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Clavery naye alicheka. Kilikuwa kichekesho kizuri, na kilikuwa chake. Immakulata peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama kama alivyolitazama gari la wagonjwa.

"Nyumbani hakuna mtu?"

"Mama watoto yuko safarini."

"Tangu lini?"

Clavery aliigeuza namba, akaanza kuifunga ile pini.

"Mwakani niandike mimi," alisema Immakulata, akainua jembe lake.

"Una simu, mama?"

"Sina. Sauti ninayo, umeisikia."

Alifika uwanjani saa nne na dakika thelathini na nane. Ilikuwa rekodi yake mbaya kuliko zote. Lango lilikuwa limeondoka, na dada mmoja alikuwa anakunja kitambaa cha meza juu ya boksi la medali.

"Tumefunga, baba. Zimebaki kumi na nne, lakini tumefunga."

"Yule kijana aliyeanguka?"

"Alikuwa na njaa tu."

Alisimama hapo kidogo, kwa heshima ya kilomita zile, kisha akaenda stendi. Basi la Bukoba lilipita katikati ya ile migomba. Aliwaona wanawake wameinama, wanapanda, mstari mmoja baada ya mwingine. Alisogea dirishani. Hakuna aliyeinua kichwa; lilikuwa basi tu. Kashai, kikombe kilikuwa palepale.

Mwaka uliofuata alikuwa mtu wa kwanza kwenye meza ya kujiandikisha, nafasi ambayo katika mbio hizo hakuwahi kuipata. Kwenye jina aliandika Immakulata, nyumba ya kwanza kulia ukiingia kwenye migomba. Kwenye simu aliandika: hana, aende mtu. Binti wa mezani aliisoma mara mbili.

"Huyu ni nani wako, mzee? Hapa pana mke, mzazi, mtoto na ndugu."

"Aliwahi kuniwekea jembe chini."

Binti alitafuta kisanduku cha jambo hilo, hakukipata. Akaweka alama kwenye "mengineyo", akamkabidhi pini nne.