Picha Niliyoikata kwa Wembe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo nikiifikiria natazama chini, na mimi si mtu wa kutazama chini. Mnanijua. Shule nilifika darasa la pili nikaiacha, na kila nilicho nacho nimekitoa kwa mikono hii. Kwa hiyo nikikwambia nilifanya jambo la kipumbavu, usidhani ni unyenyekevu wa wazee. Lilikuwa la kipumbavu kweli.

Vita vya Pili vilikuwa vimekwisha, na vijana wa Gesima tulikuwa tukitawanyika kutafuta kazi. Wengi walikwenda kuchuma chai Kericho. Mimi nilishuka kwenye machimbo ya dhahabu, mwendo wa siku tatu kwa miguu. Usisikie dhahabu ukafikiria kitu kinachong'aa. Nilikaa kule miaka miwili, na dhahabu yenyewe sikuiona hata ya kujaza ukucha. Tulichokiona ni mwamba, maji na giza. Asubuhi unashuka kwa ngazi ya miti, unapiga sururu umepiga magoti, unajaza karai. Ukitoka, hata mate unayotema ni ya kijivu.

Kikosi chetu kilikuwa na watu saba. Niliyekuwa karibu naye zaidi ni Makori, wa Kiogoro. Tulikutana kule kule, lakini tulipogundua tulitahiriwa msimu mmoja tukawa ndugu, na kwetu hakuna mjadala juu ya hilo. Alikuwa mtu wa mzaha. Nyapara akishatupa mgongo, Makori anatembea nyuma yake kwa mwendo ule ule, mpaka sisi tunashindwa kuinua sururu. Mimi aliniita Bwana Karani, kwa sababu ni mimi pekee niliyeweza kusoma namba zilizoandikwa kwenye taa zetu za shimoni. Alikuwa akinitania tu. Lakini jina hilo, mwanangu, lilinipanda kichwani.

Sasa nije kwenye picha. Mzungu aliyesimamia shimo letu alikuwa na kamera, na Ijumaa moja alasiri akaamua kutupiga. Mimi ni Msabato, na siku ya Ijumaa nilikuwa naacha kazi mapema, maana Sabato huanza jua likizama, nisije nikaipokea nikiwa mchafu. Nilikuwa nimeshaoga, nimevaa shati jeupe. Wenzangu ndio kwanza walikuwa wanatoka shimoni, vifua wazi, matope mpaka kwenye nyusi. Akatupanga mstari mbele ya toroli la mawe, mimi mwisho kabisa upande wa kulia, Makori kando yangu.

Baada ya wiki kadhaa alileta picha moja tu, nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja. Akanipa mimi niitunze, akasema ni yetu sote. Tuliipokezana kama mtoto mchanga. Makori aliishika kwa ncha za vidole, akacheka, akasema wao sita wametokea kama mtu mmoja aliyegawanywa mara sita, na mimi ni mgeni wao aliyekuja kuwahubiria. Kisha akaniomba kwamba akienda likizo aichukue, akamwonyeshe mama yake. Mama hakuwa amemwona tangu aondoke.

Nilikubali. Lakini nilikuwa na shida yangu. Kulikuwa na msichana wa Sironga, jina lake Moraa, ambaye nilikuwa nimemwambia kwamba kule machimboni mimi ni karani. Kwao walikuwa watu wa kanisa, wenye mabati juu ya nyumba wakati sisi wengine tuko chini ya nyasi, na nilijua hawatampa binti yao mpiga sururu. Nikaitazama ile picha. Mimi peke yangu, na shati lile, ni karani kamili. Kasoro ilikuwa wale sita.

Basi jioni moja, wenzangu wakiwa mtoni, nilichukua wembe, nikailaza picha juu ya ubao, nikakata kutoka juu mpaka chini. Kipande changu nikakitia kwenye bahasha ya Sironga. Kile cha wenzangu nikakisukuma motoni, chini ya sufuria. Kilijikunja, kikawaka kidogo, kikaisha. Ugali uliopikwa kwa moto ule nilikula pamoja nao.

Makori alipoiulizia nilimwambia imeloa maji ikaharibika. Hakugomba. Alisema tu, "Basi, Bwana Karani, tutamwomba Mzungu atupige nyingine. Safari hii na mimi nitaoga."

Haikupigwa nyingine. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, zikalainisha mwamba, na asubuhi moja shimo likaporomoka Makori akiwa ndani peke yake. Mimi nilikuwa juu, nimekwenda kuleta taa. Tulichimba siku nne, kwa sururu na kwa kucha. Siku ya tano tukaambiwa tuache, shimo likafungwa naye humo humo. Na wewe unajua kwetu mtu hulazwa nyumbani kwao, kando ya nyumba ya baba yake. Makori hakuletwa.

Niliacha kazi nikarudi Gesima. Mwezi haukuwa umeisha, mama mmoja akaingia uani kwetu asubuhi, kichwani mkungu wa ndizi, miguuni vumbi la Kiogoro. Alikuwa Ng'ina Makori, mama yake Makori. Mwenzetu mmoja wa kikosi, ambaye hakuwa ameusikia uongo wangu wa maji, alipokwenda kumpa pole alimwambia kuna picha, na anayeitunza ni mimi. Alikunywa uji, akaongea na mama yangu vizuri, bila haraka. Kisha akanigeukia.

"Nimeambiwa unaye mwanangu," akasema. "Nimekuja nimwone uso."

Nilipaswa kusema pale pale. Badala yake nilisema picha iko Sironga, kwa msichana. Akasimama, akafunga leso yake kiunoni. "Basi twende."

Njia nzima alinihadithia Makori. Jinsi alivyokataa kuachishwa ziwa. Jinsi alivyomwigiza katekista mpaka akafukuzwa kanisani na darasa zima likamfuata nje. Aliniuliza kama kule alikuwa akishiba. Kila nilipofungua mdomo niseme, yeye alikuwa ameanza hadithi nyingine, na mimi, mwoga, nilishukuru.

Moraa alikuwa uani anachambua mboga. Tulipomweleza shida yetu aliingia ndani, akarudi na picha. Alikuwa ameiweka ndani ya Biblia. Ng'ina Makori alifuta mikono kwenye leso mara mbili ndipo akaipokea. Akaitazama. Akaigeuza, akatazama nyuma yake, kama vile mtoto amejificha huko.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

Hapo ndipo niliposema. Nilisema yote mbele ya Moraa: kwamba sikuwahi kuwa karani hata siku moja, kwamba mimi ni mchimba mawe kama Makori, kwamba nilimkata mwanawe kwa wembe nikamtia motoni ili nionekane mtu. Nilipomaliza nilingoja anilaani. Ilikuwa haki yake.

Lakini aliyesema kwanza ni Moraa. Alisogea, akaonyesha kwa kidole.

"Mama, tangu picha hii inifikie, nimekuwa nikijiuliza mkono huu ni wa nani."

Juu ya bega langu, kwenye shati jeupe, kulikuwa na vidole vinne vyeusi kwa matope. Makori alikuwa amenishika. Siku ile ya wembe niliviona, nikaviacha, kwa sababu kuviondoa kungeniharibia bega langu.

Ng'ina Makori aliipeleka picha kwenye jua. Kidole kimoja kilikuwa kimepinda. Akacheka kidogo, na machozi yakamtoka katika kicheko hicho hicho. Akasema kidole kile Makori alijikata akimenya muwa, akiwa mdogo, akamsihi asimwambie baba yake. Yeye ndiye aliyekifunga kwa kitambaa, na kilipona kimepinda kwa sababu alikifunga vibaya. Akawa anakipapasa pale kwenye karatasi, polepole, kama anayetaka kukinyoosha. Kisha akaniangalia, na macho yake hayakuwa na hasira.

"Wewe ulimkata," akasema. "Yeye hakukuachilia."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa na Wazungu na nimewahi kupigwa na askari. Hakuna kilichonifika kama hayo.

Aliomba picha, Moraa akampa. Moraa aliolewa na mwalimu, na sikumlaumu. Nyanya yenu nilimwambia siku ya kwanza kwamba nilikuwa mchimba mawe, naye akasema mikono yangu ilikuwa imeshamwambia. Mimi nikawa nakwenda Kiogoro kila msimu kumlimia Ng'ina Makori wimbi, mpaka alipofariki. Picha ilikuwa ukutani kwake. Wageni wakimuuliza huyu kijana wa shati jeupe ni nani, hakutaja jina langu hata nikiwa nimekaa pale pale. Alijibu, "Huyo ndiye mwanangu alikuwa amemshika."

Sasa nisikilize. Ukifika mahali pazuri utaanza kuwaonea haya watu mliokuwa nao matopeni. Utataka wasionekane. Waache waonekane. Wataje kwa majina mbele ya wageni wako, na mama zao ukawasalimie wangali hai. Watu husema mimi nilijiinua peke yangu, na mimi nimewaacha waseme, kwa kuwa inanipendeza. Si kweli. Kuna mtu aliyenishikia ngazi kila asubuhi nikishuka. Na kama kuna mtu umemdanganya ili uonekane mkubwa, nenda leo ukamwambie, usingoje uulizwe na mama aliyefiwa.

Mungu akupe kazi usiyohitaji kuificha. Akupe na wenzako wa kuifanya nao. Na siku yako ikifika, ulazwe nyumbani kwenu, katikati ya watu wanaoujua uso wako.