Sahihi ya Mtu Aliyekuwa Safarini

Ngazi ilichomolewa chini ya miguu yake, na Bi Muhuri akaanguka na drili mkononi, bado inazunguka. Ilimchana paja kabla waya haujachomoka kwenye soketi. Alipofumbua macho aliona viatu viwili vyenye vumbi jekundu la barabarani, na juu yake dereva wa lori mwenye spana ya magurudumu.

"Nani kakupa ruhusa ya kutoboa ukuta wangu?" dereva aliuliza, kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele.

Swali hilo lingewachekesha mafundi wenzake. Kwa miaka kumi na tisa ya kufunga viyoyozi na hita majumbani, mama huyu hakuwahi kugusa ukuta wa mtu kabla kibali hakijagongwa muhuri, na jina lake lilitokana na hilo. Walimtania kwamba hata chafya huiombea kibali. Mumewe naye alidai kwamba barua ya posa alitakiwa ailete nakala tatu. Hakujali. Alijifunza kazi kwa fundi aliyefunga hita ya gesi bafuni bila kukaguliwa, na yeye mwenyewe alisaidia kuuvunja mlango wa bafu hilo. Mke na mume walikuwa wamelala sakafuni, wameuawa na gesi, sabuni haijakauka mwilini. Tangu siku hiyo faili lake la kijani halikumtoka kwapani.

Safari hii, hata hivyo, alikuwa amekosea, na alianza kuhisi hivyo akiwa bado amelala chini.

Nyumba ilikuwa ya ndugu wawili walioachiwa na mama yao. Kaka, mwalimu mstaafu, aliishi juu, na mdogo wake dereva aliishi chini. Mashine ya nje ya kiyoyozi haikuwa na pa kukaa isipokuwa juu ya dirisha la mdogo. Fomu ya kibali ilitaka mwenye dirisha atie sahihi mbele ya fundi, kisha fundi aandike kwamba ameshuhudia. Mara tatu Bi Muhuri alikwenda, mara tatu alimkosa dereva. Mke wa mwalimu alikuwa mgonjwa wa moyo, na joto la chumba chao cha juu lilikuwa likimmaliza. Mwalimu akamsihi amwachie fomu, akasema yule ni damu yake, akirudi atasaini tu. Kesho yake fomu ikarudi na sahihi. Bi Muhuri akaandika "mbele yangu", na muhuri ukagongwa.

Sasa alilisukuma faili miguuni mwa dereva. Dereva akasoma taratibu, midomo ikicheza.

"Tarehe kumi na moja," alisema, akainua uso kuelekea juu. "Kaka! Tarehe kumi na moja nilikuwa mpakani na shehena ya saruji, siku ya nne kwenye foleni. Shuka uniambie nilisaini kwa mkono gani."

Mwalimu alishuka, lakini hakushuka mikono mitupu. Alikuwa ameokota nyundo ya fundi pale ngazini, na alimpiga nayo mdogo wake sikioni. Damu ikaruka hadi kwenye fomu. Dereva aliyumba, akajishika ukutani, kisha spana ikazunguka mara moja. Taya la mwalimu lilivunjika kwa mlio wa ubao mkavu. Akaanguka, na bado mdogo wake alimkalia kifuani akimpiga ngumi, akimuuliza, ngumi kwa swali, ni mara ngapi amekula haki yake. Bi Muhuri alimng'ang'ania shingoni kwa nyuma mpaka kiwiko kikampasua mdomo. Ndipo dereva alipoinuka, akaipiga kwa spana mashine iliyokwisha kutundikwa ukutani hadi ikaanguka na kuzomea, gesi ikitoka.

Polisi walimchukua dereva. Mwalimu, taya limefungwa waya, aliandika kwenye karatasi kwamba mdogo wake alisaini kwa hiari, kisha akageuka mnyama. Askari akamgeukia fundi, akamsomea maneno yake mwenyewe.

"Ulishuhudia akisaini, mama?"

Angeitikia tu, leseni yake ingebaki, na dereva angeozea ndani. Ulimi wake uliugusa mshono wa mdomoni.

"Sikushuhudia. Niliandika uongo."

Leseni ilichukuliwa wiki hiyohiyo. Mwalimu akashtakiwa naye, kwa sahihi ya kughushi na kwa nyundo, na dereva akapata dhamana. Kazi ya mwisho aliyoamriwa Bi Muhuri na ofisi ya vibali ilikuwa kung'oa vyuma vya mashine na kuziba matundu manane.

Alimkuta dereva mlangoni, sikio limefungwa bandeji. Hakumsalimu, hakumshukuru. Alikuja tu akaishika ngazi kwa mikono miwili, ileile ngazi. Bi Muhuri alimtazama mikono, akachukua ndoo ya saruji, akapanda.