Wageni wa Jumatano

Konstebo Philemon alistaafu akiwa Karatina, mbali na kwao Busia. Mkewe alipofariki alimzika hapo, naye akabaki, nusu kwa ajili ya kaburi na nusu kwa ukaidi. Kisha saratani ikamwingia kwenye mifupa.

Usidhani alikosa wageni. Taabu ni kwamba walikuja wote Jumatano. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi Karatina yote iko sokoni, na nani angeacha vitunguu vyake? Basi nesi wa hospisi, wale wanaotunza wagonjwa wasiopona, aliomba lifti kwenye gari la kanisa, akina mama wakajaa, wahudumu wa afya wa kijiji wakafuata kwa miguu. Walijazana sebuleni wakiongea Kikuyu, lugha asiyoijua vizuri, juu ya kichwa chake, utadhani yeye ni meza. Akiulizwa hali, alijibu jinsi alivyowajibu wakubwa wake miaka yote: "Niko sawa." Angesemaje mbele ya umati ule kwamba usiku analia? Waliimba, wakanywa chai, wakaenda zao. Siku zilizobaki aliongea na redio, nayo haikuwa na habari naye.

Mwishowe hospisi, kanisa na kliniki ya jirani waliketi pamoja, wakaona aibu. Waligawana siku, na hata wa siku za soko akapatikana. Walipeana pia namba za simu: atakayemkuta mgonjwa na shida ampigie nesi papo hapo.

Jumatatu akaja Njoki, muuza vitunguu, mmoja wa wale akina mama wa kanisa, peke yake. Hakuwa na wa kuongea naye Kikuyu. Alimenya viazi kimya mpaka kimya kikamchosha.

"Afande, ati wewe hulala saa ngapi?"

"Silali. Nakaa tu kwa kiti."

"Kwa nini?"

"Nikilala kwa kitanda, mifupa inaniuma mpaka nalia."

Njoki aliweka kisu chini, akampigia Tabby, yule nesi wa hospisi. Jioni hiyo Tabby alifika kwa pikipiki, akampima, akamwongezea mofini ya kutuliza maumivu. Philemon akalala kitandani kama mtu.

Tabby aliporudi kumwangalia, alivuta kiti karibu. Alikuwa ameumia moyoni, na hakuficha.

"Mzee, nimekuja hapa mwaka mzima. Mbona hukuniambia?"

Philemon alimtazama bila hasira.

"Hukuwahi kuja peke yako."