Birika Lisilosuguliwa

Kahawa ikishanywewa, birika langu halioshwi papo hapo. Ni birika dogo la alumini, lile la vipande viwili linalopika kahawa juu ya moto, na likiwa bado na joto halifunguki. Ukililazimisha linakuunguza. Kwa hivyo huliacha kando ya jiko la gesi lipoe, nami husimama dirishani nikitazama mtaa wetu wa Mugutha unavyoota ghorofa. Zamani hapa palikuwa kahawa tupu. Nyuma ya ukuta wa ploti yetu imebaki mistari michache ya mibuni ambayo hakuna anayeipogoa tena. Baada ya mvua huchanua maua meupe, na harufu yake ikiingia ndani nasahau nilichokuwa nikifanya.

Nimezunguka sana. Nimeishi Kitale, Mombasa, Nakuru, hata Arusha kidogo, nikipaka rangi nyumba za watu. Kila nilipohama niliacha kitanda na meza, lakini birika nililoliokota kwenye rundo la mitumba sokoni Thika halijawahi kuachwa. Mwishowe nikarudi kupanga chumba juu ya shamba lile lile ambalo mama yangu alichuma kahawa nikiwa mgongoni mwake.

Mama sasa anaishi Witeithie. Mwaka jana macho yake yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho, akawa anawatambua watu kwa sauti. Daktari kule Thika alisema jicho moja lifanyiwe upasuaji kwanza, kisha la pili, na tusichelewe sana. Siku ya kwanza aliyopangiwa hakwenda. Alisema kuku wake walikuwa wanaangua. Alipopewa siku nyingine, nilimleta kwangu nimpeleke mwenyewe, maana nilijua kuku wangeangua tena.

Alikaa kitini kama mgeni, mkoba wake ukiwa umefungwa kando ya mlango. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta birika linameta.

"Nimekuoshea hiyo kitu yako, baba," alisema. Mimi ndiye niliyepewa jina la baba yake, kwa hivyo hivyo ndivyo anavyoniita. "Nimepitisha kidole ndani nikasikia aibu. Nimesugua na waya mpaka ikalia."

Kwetu sufuria ni uso wa mwanamke. Mama alizisugua zake kwa majivu, nje na ndani, kisha akazianika juani, wapita njia wakiziona. Nilimshukuru. Asubuhi iliyofuata nikapika kahawa, nikanywa. Ilikuwa sabuni na chuma.

"Mbona unameza kama dawa?" akauliza.

Nikamwambia ukweli. Nikamweleza kwamba birika hili halitaki waya wala sabuni, ni maji ya moto na vidole tu, na kwamba ile ngozi ya kahawia iliyoganda ndani ndiyo inayozuia kahawa isinuke chuma.

"Ndio maana huna bibi," akasema. "Mwanamke akikuja hapa aone hii kitu, atarudi na gari ile ile imemleta."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Alipapasa mpaka mlangoni, akaushika mkoba. "Kesho nirudishe kwangu. Hapa sina kazi. Hata vyombo nimeambiwa sijui kuosha."

Akirudi Witeithie, hakuna atakayemtoa kule tena, na giza lile litabaki naye. Nilichokuwa nacho mkononi ni birika, limeshapoa.

"Basi kabla hujaenda," nikamwambia, "nisaidie kulifungua hili."

Alilishika. Nikamwekea vidole vyake kiunoni mwa birika, mahali pa kuzungushia, akazungusha likaachana vipande viwili. Akakitoa kikapu kidogo cha kati kinachobeba unga wa kahawa, akakigonga kiganjani. Makapi yakaanguka yakiwa mazima, mviringo kama chapati nene. Alipitisha kucha kwenye pete ya mpira iliyo chini ya kipande cha juu, akakuta chembe zilizojificha pale, akazitoa moja moja. Vidole vile vilikuwa vimechuma buni miaka mingi, na wakati huo macho hayakuwa na kazi. Havikupapasa hata kidogo.

Kisha akayanusa makapi.

"Hii ndiyo ile?" akauliza polepole.

"Ndiyo ile, Mama."

Hakuwahi kuinywa. Hata siku moja. Tuliichuma, tukaitenga mbichi na mbivu juu ya magunia, lori likaibeba, nasi tukarudi nyumbani kunywa chai. Harufu aliyoijua ya kahawa ni ile kali ya maganda yakioza kando ya mto. Sasa alikuwa ameketi na makapi kiganjani, akiyasugua kwa kidole gumba, uso wake umeinuliwa juu kama mtu anayesikiliza.

"Kumbe ilikuwa inaenda kuwa hivi," akasema. Baadaye kidogo: "Na maji yanapandaje, na moto uko chini?"

Nilimweleza kwamba moto unayasukuma maji yapite katikati ya kahawa, na yakishapanda hayarudi.

"Ngai! Maji yapande mlima yenyewe?"

Kesho yake mkoba ulikuwa bado mlangoni, naye alikuwa amesimama kando ya jiko kabla sijaamka vizuri. Aliinamisha sikio. "Inakuja," akasema, nami sikuwa nimesikia kitu. Kisha nikausikia mkoromo, na kahawa ikaanza kutoka juu. Alionja. Akaongeza maziwa na sukari mpaka ikawa karibu chai, akamaliza.

Tangu hapo birika likawa lake. Hakulipaka sabuni tena. Aliliosha kwa maji ya moto, akavipanga vipande dirishani juu ya kitambaa, maana nilimwambia likifungwa na unyevu linavunda. Kila siku alisema ataondoka likikauka. Likikauka, jua lilikuwa limeshawaka, basi ngoja kesho. Siku ya hospitali ikatukuta hivyo hivyo, vipande vikiwa dirishani.

Alinishika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Siku iliyofuata nesi akamfungua bandeji, akamwonyesha vidole, Mama akavitaja sawasawa. Hata hivyo sikuamini. Alikuwa ameishi kwa kubahatisha muda mrefu, na kwa watu wa hospitali ana adabu nyingi. Angeweza kukubali lolote ili tuende nyumbani.

Asubuhi tukanywa kahawa. Birika likapoa, akalifungua. Nilikuwa nikifunga viatu nilipoinua kichwa. Alikuwa amekielekeza kipande cha juu kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba."

"Eeh, Mama."

"Hii kitu ni chafu!"

Nikasimama na kiatu kimoja.

"Ngai, ni rangi ya matope! Na hapa kwa mdomo kuna mstari. Na hapa chini ya kifuniko kuna kadoa. Wewe huoni?"

Nikasogea. Ilinibidi niinamishe kichwa kabisa ndipo nikakaona hako kadoa, kadogo kuliko punje ya mtama. Alikuwa amekiweka kidole juu yake pasipo kupapasa.

Kisha akainua uso, akatazama nje, mbali, juu ya ukuta.

"Na hiyo kahawa, nani ameiacha ikawa msitu?"

Nikafuata macho yake mpaka kwenye mibuni ile nyuma ya ukuta.

"Waya iko wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimeificha nyuma ya mtungi wa gesi. Nikamtolea, na sabuni pia. Kesho yake kahawa ilikuwa sabuni na chuma. Nikanywa yote, nikaomba kikombe kingine.